Kofia Iliyoshuka Voi Kutiwa Wanga

Shuleni, Mwanda
10 Februari 1974

Kwa dada yangu Mwanarusi,

Nakusalimu kutoka huku juu kwenye ukungu. Habari za Kaloleni, na za Shangazi na macho yake? Baba yako Mzee Kombo naye hajambo? Sisi wa kwa Mzee Zephaniah tunaendelea vizuri. Nyanya anakohoa asubuhi tu. Yule ng'ombe mwekundu alizaa mwezi uliopita, ndama dume, na Baba alinuna siku nzima kana kwamba ng'ombe alimfanyia kusudi. Mama anasema mwambie Shangazi kwamba maharagwe aliyoahidi kumpelekea yapo, asidhani tumeyala.

Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu. Huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni. Kuna chuo cha ufundi wa mikono ambacho huchukua msichana mmoja kutoka shule yetu kila mwaka, akasomee ualimu wa ushonaji. Hakitozi karo. Mwezi wa Novemba atakuja mgeni kutoka huko, kila msichana aweke mezani kazi moja aliyoimaliza kwa mikono yake, naye atachagua. Mmoja tu. Baba alinieleza waziwazi, bila ukali, kwamba nikichaguliwa niende na baraka zake, na nisipochaguliwa nirudi nyumbani nimsaidie na kabichi, kwa maana wadogo zangu nao wanangoja kusoma.

Mwalimu Priscilla anatufundisha vizuri. Nimejaribu karibu kila kitu. Nimefuma sweta kwa sindano mbili, mkono mmoja ukatoka mrefu kuliko mwingine. Nimefuma kitambaa cha meza kwa krosheti. Nimeunganisha viraka vya nguo kuukuu nikapata shuka ya kitanda cha mtoto. Nimedarizi foronya kwa mshono wa mnyororo na mshono wa msalaba. Shida ni kwamba kila msichana anafanya hayohayo. Mwaka jana mezani palikuwa na foronya kumi na nane, na zote zimeandikwa "Lala Salama". Mgeni alipita kama mtu anayekagua mstari wa askari.

Wewe unakaa mjini, na Shangazi ni fundi tangu zamani. Nipe wazo la kitu ambacho hapa Mwanda hakuna aliyewahi kukishona. Nitajifunza hata kama ni kigumu.

Ni mimi mdogo wako,
Dinah Mwandawiro


Kaloleni, Voi
3 Machi 1974

Mpenzi Dinah,

Barua yako ilinifika nikiwa dukani kwa Baba, nikaisomea juu ya gunia la sukari. Mama akusalimu sana, yuasema maharagwe atakuja kuyala mwenyewe, asipelekewe na mtu. Macho yake yale yale. Karibu haoni, mbali aona kidogo. Jua huku lapiga mpaka mabati yalia. Baba hajambo, ila tumbo.

Mambo ya sindano wanijua, sina subira nayo. Lakini nimekufikiria. Foronya zako na sweta ziwache. Shona kofia.

Usicheke. Nasema kofia ya viua, hizi nyeupe wavaazo wanaume wetu. Viua ni vile vitundu vidogo. Watoboa kitambaa kwa sindano nene, kisha wazungusha uzi ukingoni mwa tundu mpaka likaze. Vitundu vikipangana ndipo ua hutokea. Mama alifundishwa na nyanya yangu mzaa baba alipoolewa huku, na zake zilikuwa zikiagizwa mpaka Mombasa. Sasa macho hayamruhusu, basi amenishika mimi nijifunze. Kila jioni anieleza, nami nitakuandikia wewe kila anielezalo. Tutajifunza pamoja.

Chukua kitambaa cha bafta nyeupe, uikunje mara mbili. Chora kwa kalamu ya risasi, mkono mwepesi. Kata duara la juu peke yake na ukuta wa pembeni peke yake. Usianze kuviunganisha, hiyo ni kazi ya mwisho. Toboa, zungusha, vuta. Uzi usiuvute kwa hasira, bafta itajikunja uso. Jaribu katika kipande kidogo kwanza, kisha uniletee nikione. Mpe Gibson dereva wa basi, yeye hupita hapa dukani kila siku ya pili.

Wako,
Mwanarusi


Mwanda
24 Machi 1974

Kwa dada yangu Mwanarusi,

Salamu kutoka kwa wote. Mvua imeanza, na njia ya kwenda shuleni imekuwa ya kuteleza hata mbuzi wanafikiri mara mbili. Ndama dume amepewa jina la Waziri kwa sababu anakula tu.

Nimempa Gibson vipande vitatu. Cha kwanza usikitazame sana. Cha tatu nadhani ni kizuri. Nimejidunga mpaka kidole cha shahada kimekuwa kigumu kama pembe, lakini naipenda kazi hii kuliko zote nilizojaribu. Inanyamazisha kichwa.

Nyumbani ilizuka hoja. Mzee mwenzake Baba kanisani alimuuliza iweje binti wa mzee wa kanisa ashone kofia za Waislamu. Baba akamjibu kwamba dada yake mwenyewe Mable, yaani mama yako, ameolewa na Mwislamu na hajawahi kurudi akiwa amekonda. Nyanya yeye anataka nikimaliza nimpe avae Jumapili. Tumemwambia ni ya wanaume, akasema baridi haichagui. Mwalimu Priscilla alikitazama kile kipande cha tatu dirishani, akakigeuza nyuma kuangalia fundo, halafu akasema, "Huyu mgeni itabidi asimame." Nimelala na maneno hayo wiki nzima.

Nami nakuuliza, yako imefika wapi? Nitumie kipande chako nione, tulinganishe.

Mdogo wako,
Dinah


Kaloleni
21 Aprili 1974

Mpenzi Dinah,

Twashukuru Mungu, wazima. Hapa maji hukatika asubuhi, twachota kwa jirani. Fisi walishuka kutoka upande wa Ndara wakala mbuzi wa watu nyuma ya reli.

Vipande vyako vimefika. Mama alivipapasa kwa vidole, akavipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasema cha tatu ni kazi ya mtu. Yuasema tundu zikaribiane zaidi, na uzi uzungushe mara tisa si mara saba. Nivitunze hapa hapa ili aendelee kuvipima. Leta vingine.

Kuhusu kipimo. Usipime kichwa cha Mjomba Zephaniah, kichwa chake ni kikubwa na kofia itakuwa ndoo. Katika barua hii nimetia uzi mwekundu. Urefu wake ndio mzunguko wa kofia. Ufuate vivyo hivyo, usizidishe wala usipunguze hata upana wa kucha. Hicho ndicho kipimo cha mtu wa wastani.

Ua la juu lichore upendavyo. Wewe una kichwa cha kubuni.

Mwanarusi


Mwanda
30 Juni 1974

Kwa dada yangu Mwanarusi,

Ninatumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya na maji. Hapa baridi imeshuka, na asubuhi vidole havikunjiki mpaka nivishike kwenye kikombe cha chai. Nyanya ametoka hospitali, alilazwa kwa kifua, sasa anagombana na kila mtu, kwa hiyo tunajua amepona.

Ukuta wa pembeni nimeumaliza. Nimeufuata uzi wako mwekundu. Ua la juu lilinisumbua sana. Nilichora nyota nikafuta, nikachora jani la mgomba nikafuta. Halafu jioni moja Mama alikata kabichi katikati, nikaiona imelala kwenye sinia. Ukiitazama vizuri kabichi iliyokatwa, yale majani yanavyojikunja, kila moja likimkumbatia mwenzake hadi kwenye moyo, hakuna ua linaloishinda. Nilimwambia Mama asiipike kwanza. Nikaichora. Kwa hiyo kofia yangu ina kabichi ya Mwanda juu yake, na sijamwambia mtu ila Mwalimu na wewe. Mwalimu alicheka mpaka akafuta miwani.

Hukunijibu kuhusu kofia yako. Nilikuuliza tangu mwezi wa Machi. Kama umeiacha niambie tu, sitakucheka, kila mtu ana kazi yake.

Gibson anasema aliona wageni kwenu, watu wazima wamevaa kanzu, wameteremka garimoshi la Mombasa. Akasema palipikwa pilau. Ni heri gani hiyo?

Mdogo wako,
Dinah


Kaloleni
14 Julai 1974

Dinah mpenzi,

Kwa haraka, duka lina watu.

Gibson apenda kutazama sufuria za wenyewe. Walikuwa jamaa wa Baba tu.

Ukiunganisha kofia, usiifue mwenyewe. Kofia ya viua ikiisha kushonwa huwa chafu ya mikono na imelegea, haina sura. Yafuliwa, yatiwa wanga wa mchele, kisha yakaushwa juu ya gogo lililochongwa mfano wa kichwa. Gogo hilo analo Mama, huko kwenu hamtalipata. Ukikosea wanga, kazi ya mwaka yaharibika. Imalize, uilete, nitakurudishia ikisimama kama sahani.

Mwanarusi


Mwanda
4 Septemba 1974

Kwa dada yangu Mwanarusi,

Pokea salamu za wote, na za Nyanya zaidi.

Nimemaliza. Niliifungia mshono wa mwisho juzi nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi, na nilipokata uzi nilikaa tu nikiishika, sikujua nifanye nini na mikono yangu. Baba aliivaa ikamkaa juu ya utosi kama kifuniko cha birika. Haikumwenea mtu yeyote hapa. Wewe ulisema ni kipimo cha mtu wa wastani, labda wa Mwanda tuna vichwa vya ziada.

Nimeifunga kwa karatasi, halafu kwa kitambaa, na Gibson ameapa ataiweka mbele karibu naye, si juu na kuku. Leo tumefungua shule na muhula huu mimi ni wa bweni, kwa hiyo siwezi kushuka kuifuata. Mgeni anakuja Jumatano tarehe sita Novemba. Naomba iwe hapa kabla ya mwisho wa Oktoba. Nakuaminia kuliko posta.

Mdogo wako mwenye furaha,
Dinah


Mwanda
29 Septemba 1974

Dada Mwanarusi,

Je, kofia ilifika? Gibson anasema alikupa mkononi na ukaifungua mbele yake. Najua ni Ramadhani na nyumba ina kazi. Nijulishe neno moja tu.

Dinah


Mwanda
13 Oktoba 1974

Dada Mwanarusi,

Natumaini hamjambo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Wenzangu wameanza kupiga pasi kazi zao. Kalondu amefuma sweta ya mtoto yenye kofia yake na soksi zake, rangi ya maziwa, nzuri sana. Ananiuliza yangu iko wapi, nami namwambia iko kwa fundi.

Kama wanga umeiharibu, niambie. Nitaichukua hivyohivyo.

Dinah


Kaloleni
20 Oktoba 1974

Mpenzi Dinah,

Idi njema, ingawa yetu ilishapita na yenu haijafika. Samahani kwa kimya. Mama alipatwa na homa. Kisha wanga wa kwanza ulitoka na manjano, ikabidi nifue upya. Kisha jua lilikataa. Kofia iko, haina neno, usiwe na wasiwasi.

Nina habari kubwa kwako. Naolewa. Ni Sheikhan, karani wa bandarini Mombasa. Mambo yalikuwa yakizungumzwa na wakubwa, ndiyo maana sikukuandikia. Harusi ni Jumamosi tarehe mbili Novemba. Mjomba ameshapelekewa habari. Uje na mama yako, usikose. Kofia yako nitakupa mkononi siku hiyo hiyo, na Jumatano utakuwa nayo mezani.

Wako akupendaye,
Mwanarusi


Mwanda
10 Novemba 1974

Mwanarusi,

Nyumbani hawajambo. Nyanya amekula vizuri leo.

Ninaandika kwa sababu pale kwenu sikuweza kusema, na nikikaa kimya mtafikiri nimekubali. Nitayaandika kama yalivyotokea.

Mwalimu Priscilla aliniruhusu siku moja kwa kuwa nilimwambia nakwenda kuchukua kofia. Nilifika nikakuta nyumba imejaa. Ulikuwa ndani na hina yako, ukanikumbatia, nikakuuliza iko wapi, ukaniambia baadaye. Nikaenda kusaidia kumenya vitunguu. Nilikuwa na furaha kwa ajili yako. Nataka ulijue hilo.

Walipotoka msikitini wakamwingiza Sheikhan akuone. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya halua. Alipoinama kuingia, kichwa chake kilikuwa mbele ya macho yangu, karibu kama karatasi hii. Nikaona kabichi yangu.

Ilikuwa imemwenea barabara. Ndipo nikaujua ule uzi mwekundu ulipimwa kwenye kichwa cha nani, tangu Aprili.

Mama mkwe wako Bi. Mwanatumu akasimama akawaambia wanawake wote waitazame kofia ile. Alisema siku hizi wasichana hununua kofia ya bwana harusi dukani, lakini huyu wetu ameketi akaishona kwa mkono wake, kiua baada ya kiua, kama walivyofanya mama zetu, na mwanamke mwenye subira hiyo hataivunja nyumba. Wakapiga vigelegele. Mmoja akakuuliza hilo ua gani, na wewe ukasema ni waridi. Uliinamisha macho, wakadhani ni haya.

Mimi sikuijua desturi hiyo. Kwetu mtu hashoni kofia. Ningeijua, ningekuelewa tangu barua yako ya kwanza.

Halafu Bi. Mwanatumu akanigeukia mimi na sinia yangu. Akauliza kwa upole kabisa, "Na nyinyi wa milimani, mwajua sindano, au ni jembe tu?" Watu wakacheka. Mama alinishika kiwiko akanifinya. Nikamwambia, "Tunajua kidogo, Bibi."

Nilipokupata peke yako chumbani nilikuambia Jumatano ni siku yangu. Unakumbuka ulichonijibu. Ulisema, "Dinah, nisitiri. Wewe utashona nyingine. Mimi leo nitampata wapi bwana mwingine?" Nikauliza angalau vile vipande vya majaribio, niweke hata hivyo mezani. Ukaniambia umevichoma, kwa sababu mama yako alikuwa akivipapasa kila jioni akiamini umevishona wewe.

Kwa hiyo hakuna jioni hata moja uliyojifunza. Ulikuwa ukiandika maneno yake na kunitumia, nikishona unampelekea.

Jumatano mgeni alikuja. Nilitandika kitambaa cha sinia nilichokishona mwaka wa kwanza, kwa kuwa meza tupu ingemwaibisha Mwalimu. Alipita bila kusimama. Kalondu amechaguliwa. Nilimpongeza na nilimaanisha, sweta ile ilistahili. Mwalimu Priscilla hakuniuliza mbele za watu. Jioni aliniita akauliza kofia iko wapi. Nikamjibu ilipotea njiani. Hiyo ni mara yangu ya kwanza kumdanganya mtu huyo, na nilimdanganya kwa ajili yako.

Dinah


Mombasa, Majengo
15 Desemba 1974

Mdogo wangu Dinah,

Salamu kwa Mjomba, na kwa Nyanya umwambie nitamletea tende. Mimi ni mzima. Nyumba ni nzuri, ina maji ndani. Sheikhan ni mtu mpole.

Barua yako niliisoma chooni, nikaichana. Umeandika kama hakimu. Mimi sikusema hata siku moja kwamba nimeishona. Waliuliza, nikanyamaza, wakajibu wenyewe. Na nilikuwa na nia ya kweli ya kujifunza, Dinah. Nilijaribu mara mbili, uzi ukafungana nikatupa. Wakati huo wakwe walikuwa wameshaambiwa na Mama kwamba ninayo mikononi. Ningefanyaje? Wewe ulikuwa huko ukishona kwa raha yako. Nilisema moyoni, ni damu yangu, atanielewa.

Sasa nimo katika shida. Bi. Mwanatumu apenda kofia ile hata kuliko mwanawe. Ataka nimshonee shemeji yangu nyingine, ua lile lile, naye ataka niketi naye barazani jioni tukishona pamoja, ati anioneshe mishono ya kwao nami nimwoneshe ya kwetu. Nimesema kidole chaniuma. Nimesema bafta ya hapa si nzuri. Visingizio vyaniishia.

Nakuomba uje. Shule umemaliza, na huko kwenu ni kabichi tu. Nitasema nimemwita mdogo wangu anisaidie kazi za nyumba. Utashona chumbani, nami nitatoka nayo barazani kuonesha. Nitakununulia nguo ya sikukuu na viatu. Mji utaupenda.

Ukinijibu, usiandike anwani ya hapa. Sheikhan ndiye achukuaye barua posta, na humsomea mamake kila iingiayo, kwa sauti, kwa kuwa yeye hapendi siri nyumbani. Andika kwa anwani ya Mama, Kaloleni, nitaichukua nikienda kumtazama.

Nisitiri tena, Dinah. Mara hii tu.

Dada yako,
Mwanarusi


Mwanda
12 Januari 1975

Mwanarusi,

Natumaini wewe na wa nyumbani kwako mna afya. Huku Krismasi ilipita na mvua. Nyanya anangoja tende zako na ameshawaahidi majirani.

Mama yako alikuja hapa baada ya sikukuu, yeye na kapu lake, akakaa siku tatu. Siku ya pili Baba alikuwa shambani, Shangazi akaniita niketi karibu yake jikoni. Akauchukua mkono wangu wa kulia, akakipapasa kidole cha shahada kama alivyokuwa akivipapasa vile vipande. Kisha akasema, "Usiku wa hina niliushika mkono wa binti yangu. Kidole chake laini kama cha mtoto. Nikajua." Nikamuuliza kama alijua, mbona hakusema. Akasema wageni walikuwa wameshateremka garimoshi.

Nilidhani nimesalitiwa na mtu mmoja. Ni wawili. Hata hivyo yeye aliniambia uso kwa uso, na alilia, na kabla ya kuondoka alinionyesha namna ya kuficha fundo ambayo hakuwahi kukueleza wewe. Sijui kama hiyo ni kuomba radhi. Nimeipokea hivyo.

Baba naye amejua. Anasema damu ni damu, na harusi ni kubwa kuliko kofia, niende nikakusaidie. Nilimsikiliza mpaka mwisho kama nilivyofundishwa. Kisha nikamwomba aniambie, kama mtu angevuna kabichi zake zote akaziuza Mombasa kama za kwake, yeye Baba angemwita damu au angemwita nini. Alichukua jembe akatoka, na tangu siku hiyo halitaji tena.

Sitakuja. Sitashona kofia chumbani ikatoka barazani na mtu mwingine. Lakini ukitaka kujifunza, njoo wewe. Njoo Mwanda na bafta yako na sindano yako, uketi nami nje mchana, watu wakipita wakuone. Nitakufundisha mpaka kidole chako kiwe kama changu, wala sitakukumbusha jambo lolote. Lakini hata mshono mmoja mimi sitautia. Ukifanya bidii, kufikia mavuno utakaa na Bi. Mwanatumu barazani bila hofu. Njia nyingine ya kukusaidia mimi siijui.

Nilirudi kwa Mwalimu Priscilla nikamwambia kwamba kofia haikupotea. Sikumwambia ilikwenda wapi. Hakunigombeza. Alisema chuo kitamtuma mgeni tena Novemba, na yeye atawaandikia waniruhusu kuweka kazi yangu mezani ingawa nimemaliza shule, mradi nije kuwasaidia wasichana wa mwaka wa kwanza siku mbili kwa wiki. Jumatatu naanza. Usiku huu mikono yangu inawasha kama inayongoja kitu.

Nimeshaanza kazi nyingine. Zamani ningekuandikia ni nini, na rangi gani, na nilipata wapi wazo lake. Sasa itoshe ujue kwamba ipo, na kwamba itafuliwa hapa hapa.

Nilikaa na bahasha hii siku mbili. Ningeweza kuandika juu yake anwani ya Majengo, mume wako aichukue posta na aisome kwa sauti mbele ya mama yake, na mimi nisingekuwa nimesema uongo hata neno moja. Nimeandika ya Kaloleni, kama ulivyotaka. Hiyo ndiyo siri ya mwisho nitakayokutunzia.

Dinah Mwandawiro